Sally Gabori alichora nchi ya baba yake

Kila ninaposoma maelezo ya michoro ya Sally Gabori, mchoraji wa jamii ya wenyeji asilia wa Australia, namkuta amepangwa safu moja na wachoraji wa dhahania wa Ulaya na Marekani, wale wanaochora rangi na maumbo tu bila kuonyesha vitu halisi. Jambo hili linanikera. Bibi huyu alikuwa akichora jamaa zake na mahali walipo.

Alizaliwa mnamo 1924 hivi katika Kisiwa cha Bentinck, Ghuba ya Carpentaria, kaskazini mwa Australia. Watu wake, Wakaiadilt, walijenga kuta za mawe ufukweni: maji yakijaa samaki huingia, yakipwa hubaki ndani, kama wando zetu za Pwani. Mwaka 1948, baada ya ukame, bahari ilipanda ikaharibu visima vya maji baridi, na wamisionari wakawahamishia watu wote Kisiwa cha Mornington. Huko watoto walilazwa bwenini, mbali na wazazi wao. Ukimwondoa mtoto kwa mama yake, nani atamfundisha kisima cha babu kiko wapi?

Sally alishika brashi mwaka 2005, akiwa na miaka kama themanini. Kwao hakukuwa na desturi ya kuchora kwenye magome wala turubai, kwa hiyo hakuwa na mtindo wa kurithi. Alichokirithi ni nchi yenyewe, yaani ardhi na maji ya jamaa zake kisiwani Bentinck. Thundi ni nchi ya baba yake. Dibirdibi ni ya mumewe, na pia ni jina la mhenga aliyekuwa samaki chewa. Nyinyilki ndiko baadhi ya Wakaiadilt walikorudi kuishi miongo mingi baada ya kuhamishwa. Majina hayohayo aliyarudia kwenye michoro zaidi ya 2,000 kabla ya kufariki mwaka 2015.

Tazama anavyofanya kazi. Anapaka rangi ya pili ile ya kwanza ikiwa bado mbichi. Nyeupe inaikokota waridi, inachafuka njiani, mpaka hujui ipi imeishia wapi. Wahakiki husifu ujasiri wa mkono wake, na wana haki. Lakini aliyekulia kwenye maji ya kujaa na kupwa anajua kwamba mpaka wa nchi kavu na bahari husogea kila siku. Bibi anachora alichokiona.

Mwaka 2007 aliungana na wanawake wenzake sita wa Kikaiadilt wakachora turubai moja kubwa, Dulka Warngiid. Kila mmoja aliweka nchi yake mle. Miaka mitatu kabla ya hapo, mahakama ya shirikisho ya Australia ilikuwa imewatambulia Wakaiadilt na majirani zao haki juu ya bahari yao. Mimi siwezi kuitazama kazi ile nikaisahau hukumu hiyo.

Ndiyo maana nataka vibao vya makumbusho vibadilike. Kabla ya kutaja mtindo, viandike hii ni nchi ya nani, huyo nani ni nani kwa Sally, na aliondolewa huko mwaka gani.