Run sio kukimbia tu jamani

Mwaka niliomaliza form four nilikua nakaa dukani kwa shangazi Mji Mkongwe, tunauza vikoi na kanga kwa watalii, na kwa vile kingereza nilipata B basi mi ndo nikawa mkalimani wa duka. Siku moja mama mmoja wa kizungu kashika kikoi chekundu, anakisugua sugua na kidole gumba, ananiuliza "will it run?" Nikaona ananitania, kitambaa kikimbie kiende wapi? Nikacheka, nikamjibu no madam, akanunua viwili. Kesho yake asubuhi huyo karudi na blauzi iliyokua nyeupe, sasa ina mabaka ya pinki mpaka kwenye kola. Shangazi, ambae kingereza chake chote kakiokota pale pale barazani, akanigeukia: "We mtoto, jana kakuuliza kama kinachuja!"

Tangu siku hiyo nina ugomvi na ule mtindo wa shule wa kuandika maneno safu mbili, run = kimbia, piga mstari, neno linalofuata. Yani bora wangefanya hivo kwa neno lingine. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alikaa na hili moja miezi 9 akatoka na maana 645, na hapo ni run ya kitenzi peke yake (kwenye toleo la 1989 bingwa wa maana nyingi alikua set). Pua iki-run ni kamasi, bomba liki-run maji yanamwagika, duka unaliendesha, urais unaugombea, sukari iki-run out mmeishiwa, na wote hao hakuna alietoka jasho.

Af kuna wanaoamini dawa ni kumeza visawe, sprint, dash, jog, flee, unakariri kama dua. Visawe vyenyewe havikai nyumba moja! Angalia kwetu, mwizi katoka nduki, mwenye deni kaingia mitini, umeona polisi umekula kona, sawa wote wamekimbia, ila yule mzee anaefanya mazoezi alfajiri ukisema kala kona utakua unamtafutia kesi bure.

Na waingereza tusiwaseme sana maana sisi tuna piga. Piga simu, pasi, mswaki, kura, chafya, hodi, mbizi, hebu mwambie mgeni piga ni kuchapa halafu asikie bibi anaenda kupiga magoti. Hakuna mtu alietukalisha na orodha ya piga, tulilisikia likiwa na mwenzake, pasi hiyo inapigwa, mswaki huo unapigwa, tukalibeba hivo hivo. Shangazi na run yake ndo hivo hivo, kaipokea ikiwa na kikoi, akaishika.

Yule mama alipewa kanga mbili za kumpoza. Hela yake nilikatwa mimi.