Ukinunua nyumba Japani, neno lako linapimwa kabla ya mkataba

Wenzetu wengi wanaotafuta nyumba huku Japani sheria wanaijua vizuri. Wanajua mgeni anaruhusiwa kununua nyumba na kiwanja chake ikawa mali yake kabisa, hata kama hana kibali cha kuishi. Kinachowaangusha ni heshima za watu, na inaniuma kweli nikiona mtu amehangaika miezi halafu dili inakufa kimya kimya na hajui kakosea wapi.

Chukua hiyo fomu ya ofa wanayoita kaitsuke, unaandika bei yako, utalipaje na lini. Kisheria haikufungi. Sasa sisi tuliozoea kutupa bei Kariakoo tunaona ni pa kuanzia tu, mtu anajaza za nyumba tatu kwa mpigo halafu ndo achague. Usifanye hivyo jamani! Mwenye nyumba akishakubali anawaambia wengine imeshapata mtu, na dalali wako ndo aliyekusemea. Mkishasaini mkataba sheria inaongea yenyewe, ukijitoa advansi yako imekwenda, muuzaji akijitoa anakurudishia mara mbili, lakini kabla ya hapo kilichopo ni neno lako tu. Ukilivunja hakuna atakayekufokea, watainama na kukushukuru vilevile, ila simu yako haitapigwa tena.

Punguzo omba, si dhambi, ila omba mara moja, kupitia dalali, na uwe na sababu. Mimi niliomba yen milioni 2 zishuke, dalali akavuta hewa kwenye meno, akainamisha kichwa upande, akasema "chotto muzukashii desu ne", yaani ni ngumu kidogo. Nikaelewa basi tukazane, nikapiga simu siku nne mfululizo, kumbe jibu la "hapana" nilishapewa siku ileile. Na haya mambo kwetu yapo, mtu wa Pwani akikwambia "tutaona, inshallah" kwa sauti ile unayoijua, si unanyanyuka unaaga?

Ukienda kuangalia nyumba ambayo wenyewe bado wanaishi, viatu vua mlangoni, vigeuze ncha zitazame nje, na hata ndala za ndani unaziacha kabla hujakanyaga mikeka ya tatami. Kadi ya mtu yenye jina na kazi yake pokea kwa mikono miwili, uisome, usiitumbukize mfukoni.

Lawama yangu iko kwa madalali wanaohudumia wageni. Kabla ya mkataba sheria inataka mtu mwenye leseni akuonyeshe kitambulisho chake na akueleze mambo yote muhimu ya nyumba, mimi nilisomewa mstari kwa mstari, mipaka, mabomba, hatari ya mafuriko, lakini hii ya kwamba ofa ni ahadi hakuna aliyenifungulia mdomo. Wangenipa dakika kumi tu za hayo.

Tulipohamia, mke wangu akafunga taulo ndogo kwenye karatasi tukapeleka nyumba tatu za mbele na mbili za pembeni, ndo desturi ya huku. Kesho yake asubuhi mzee wa mbele akagonga, mkononi ana kalenda ya siku za kutoa taka, siku zetu kashazizungushia kalamu nyekundu moja moja, akasimama pale mlangoni akatuelekeza kwa kidole mpaka akahakikisha tumeelewa.