Hita za matofali au gesi: nani anakula pesa zaidi Uingereza?

Ukitua Uingereza ukapata fleti yenye zile hita nene za umeme ukutani zenye matofali ndani, mshkaji wa kwanza kukutembelea atakwambia umeliwa, hama tafuta nyumba ya gesi. Ni kweli, ila ni kweli nusu.

Tuanze na bei manake ndo inayouma. Julai hadi Septemba 2025 kikomo cha bei cha Ofgem, wasimamizi wa nishati, kilikua wastani wa peni 25.73 kwa uniti (kWh) ya umeme na peni 6.33 kwa uniti ya gesi, yaani umeme mara nne. Sasa hizi hita za matofali zimetengenezwa zikwepe bei ya mchana, zinatumia mpango kama Economy 7, masaa saba ya usiku umeme unashuka bei, matofali yaliyo ndani yanapata moto wewe umelala alafu mchana yanaachia joto pole pole. Tuseme usiku unalipa peni 14. Bado ni zaidi ya mara mbili ya gesi, na mchana wanakulipisha juu kuliko mwenye mita ya kawaida, kwaiyo kila ukiwasha birika saa kumi jioni wanarudisha chao.

Ila gesi nayo ina tozo yake ya kila siku, kipindi hicho karibu peni 30, uwashe usiwashe, hata Julai unapotembea na kaptula. Kwa mwaka ni pauni 109 hivi. Chukua fleti ya chumba kimoja inayohitaji uniti 4,000 za joto kwa mwaka (namba ya kupigia hesabu tu): matofali ni pauni 560, gesi kwa boila (mtambo wa gesi unaopasha nyumba) inayopoteza asilimia 15 ni kama pauni 298, weka tozo unafika 407. Kama nyumba ni yako, toa na pauni mia ya fundi wa kuangalia boila kila mwaka, tofauti inabaki hamsini na kitu. Ukiwa mpangaji, ukaguzi wa usalama wa gesi ni mzigo wa mwenye nyumba kisheria, hapo gesi inakupendelea zaidi. Sasa zidisha hilo joto mara tatu, nyumba ya familia yenye watoto, matofali yanakula 1,680 na gesi na tozo yake haizidi sana 1,000. Hapo hamna mjadala jamani.

Kitu ambacho watu hawakisemi ni ratiba yako. Matofali yana joto kali asubuhi, jioni yameshachoka. Anaetoka saa mbili asubuhi kwenda ofisini na kurudi saa kumi na mbili jioni analipia joto la kupasha makochi, akirudi anakuta ubaridi anawasha kihita cha kuchomeka kwa bei ya mchana, na hapo ndo bili inapopasuka. Lakini wenzetu wengi wanaofanya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) shifti za usiku wanarudi asubuhi nyumba iko moto, wanalala mchana kutwa kwenye joto la bei ya usiku. Kwa hao sioni wizi wowote.

Mimi winta yangu ya kwanza nililizwa na kitu kingine kabisa. Hita zilikua za matofali ila akaunti ilikua ya bei moja usiku na mchana, mpangaji aliyetangulia alibadilishiwa na hakuna aliyeniambia, nikawa nalipa peni za mchana saa nane za usiku. Huo ndo mchanganyiko mbaya kuliko yote, afadhali hata ungekaa na blanketi. Ukihamia, angalia mita inatoa namba mbili, ya usiku na ya mchana, alafu angalia bili nayo inazo mbili. Na kama mita yako ni ile ya zamani inayoongozwa na mawimbi ya redio, huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu 30 Juni 2025, isipobadilishwa hita zinaweza zikagoma kuwaka au zikawaka muda usiotaka.

Kwangu mimi, mwenye familia asijiulize mara mbili, gesi. Mtu mmoja wa shifti za usiku kwenye kafleti kadogo, mwacheni na matofali yake, na kile kidude cha kuachia joto akifunge anapotoka kwenda kazini usiku, wengi wanakiacha wazi.