Meyer, Meier, Maier, Mayer: jina moja au majina manne?

Mtu anayeitwa Meyer akipiga simu kwa daktari huko Ujerumani, haitoshi ataje jina lake tu. Matamshi ni "Maya", na karani wa upande wa pili ameshaweka vidole kwenye kibodi akingoja nyongeza: ni Maya wa e na y, wa e na i, wa a na i, ama wa a na y? Mwenye jina hujibu bila kufikiri, "Emil, Ypsilon", yaani Emil wa e na Ypsilon wa y, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kutaja herufi zake tangu utotoni. Kwetu jina hilo hukutwa zaidi katika vitabu vya historia, kwenye habari za Hans Meyer, mwanajiografia aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na wengi hulisoma jinsi lilivyoandikwa, "Meyeri". Pengine ndiyo sababu swali ninalolichambua hapa linaonekana dogo kwa anayeliona jina kwa macho, na kubwa kwa anayelisikia: je, Meyer, Meier, Maier na Mayer ni jina moja la ukoo, au ni majina manne?

Orodha zinazotolewa mara kwa mara za majina ya ukoo yaliyoenea zaidi Ujerumani zimeshajibu kimyakimya kwamba ni manne. Wa kwanza ni Müller, msaga nafaka. Wa pili Schmidt, mhunzi. Wa tatu Schneider, mshona nguo. Wa nne Fischer, mvuvi. Meyer mwenye e na y hufuata katika nafasi ya 5 au ya 6, akipokezana na Weber, mfumaji, kutegemea orodha gani imefunguliwa. Ndugu zake Meier, Maier na Mayer wametawanyika huko chini, kila mmoja peke yake, ingawa wote watatu wamo ndani ya majina 50 ya mwanzo. Msomaji anaondoka akiamini kwamba Ujerumani ya zamani ilijaa wasagaji, wahunzi na washona nguo, na kwamba huyu Meyer ni mtu wa pembeni. Nadhani imani hiyo ina kasoro, lakini wanaohesabu kwa tahajia wana hoja ambazo si haki kuzipita.

Hoja yao ya kwanza ni ya kisheria. Tangu tarehe 1 Januari 1876, usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulipoanza kutumika katika dola nzima ya Ujerumani, jina la ukoo liligandishwa herufi kwa herufi, na mbele ya msajili Maier na Meyer ni watu wenye majina tofauti kama walivyo Fischer na Weber. Hoja ya pili ni ya ramani, na hii ina uzito zaidi. Meyer wa e na y amejikita kaskazini, hasa Niedersachsen. Maier na Mayer ni watu wa kusini, Bavaria na Baden-Württemberg. Mayr ukimkuta, unanusa milima ya Alpi iko karibu. Atlasi kubwa ya majina ya ukoo ya Kijerumani, iliyohaririwa na Konrad Kunze na Damaris Nübling na kuanza kuchapishwa mwaka 2009, imeonyesha jinsi herufi moja inavyoweza kumrudisha mtu kwenye bonde alikotoka babu yake. Ukiyamwaga yote kwenye kapu moja, habari hiyo inapotea. Nakubali. Ila kuchora ramani ni kazi moja na kupanga safu ya nani mkubwa ni kazi nyingine, na kifaa kilichofaa kwa ile ya kwanza si lazima kifae kwa ya pili.

Ili kuona kinachopotea, turudi kwenye maana. Asili ya Meier ni neno la Kilatini maior, yaani mkubwa zaidi, na hapa Mswahili ana bahati ya kuwa na jamaa wa neno hilo nyumbani kwake bila kujua: meya wa jiji na meja wa jeshi wote wametokana na maior huyohuyo, wakapitia Kifaransa na Kiingereza kabla ya kufika pwani yetu. Hata hivyo Meier wa zama za kati hakuwa na mkufu wa umeya. Alikuwa msimamizi wa shamba la mtu mwingine, la kabaila au la monasteri: aligawa kazi, alikusanya nafaka, nguruwe na kodi kutoka kwa wakulima, na mara nyingi alisimamia baraza la kuamua kesi ndogondogo za shambani. Watu wa mashamba ya karafuu na minazi ya zamani wangemwelewa mara moja, kwa kuwa walikuwa na nokoa na nyapara. Na kama nokoa, Meier wa mwanzo mara nyingi hakuwa mtu huru. Ukubwa wake ulikuwa juu ya watwana wenzake tu.

Kuna maagizo ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, kuhusu uendeshaji wa mashamba ya kifalme, yaliyoandikwa yapata mwaka 800, ambayo kwa maoni yangu yanaeleza mengi kuhusu jina hili kuliko jedwali lolote. Sura yake ya 60 inaagiza kwamba hao maior wasichaguliwe kamwe kutoka kwa watu wenye nguvu, bali wawe watu wa kati walio waaminifu. Sababu ni rahisi kuikisia, kwani mwenye nguvu akipewa shamba la kutunza, haichukui muda akaligeuza kuwa lake. Sura ya 26 inaweka mpaka wa eneo: maior asikabidhiwe zaidi ya kile anachoweza kukizunguka au kukikagua kwa siku moja.

Siku moja ya kutembea! Naomba tusilipite sharti hilo haraka. Huwa tunajiuliza jinsi jina la cheo lilivyoweza kuenea kiasi hiki ilhali cheo, kwa kawaida, hushikwa na wachache. Kama mipaka ya kila msimamizi ni mizunguko ya miguu yake kati ya mapambazuko na magharibi, basi nchi yenye mashamba makubwa mengi itahitaji wasimamizi wengi mno, karibu kwa wingi uleule wa vinu na viwanda vya wahunzi. Meier aliongezeka kwa sababu ukubwa wake ulikatwa vipande vidogo.

Halafu likaja jambo la pili. Mfumo ule wa mashamba ya kusimamiwa ulipovunjika, kuanzia karne ya 12, mabwana waliona ni nafuu kukodisha ardhi kuliko kuilima kwa mkono wa msimamizi, na yule Meier akabaki palepale, sasa akiwa mpangaji wa shamba kuu la kijiji. Cheo kikawa jina la shamba. Westfalia, eneo la kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, ilikuwa na desturi ambayo humshangaza mgeni: jina lilifuata ua, si damu, kiasi kwamba mwanamume aliyeoa binti wa shamba la Meier na kuhamia kwa wakwe aliacha jina lake na kuitwa Meier, na watoto wake vivyo hivyo. Kwa hiyo Meyer wawili wa leo wanaweza wasichangie hata tone la damu, na familia moja inaweza kuwa imebadili jina mara mbili ndani ya karne moja kwa sababu tu ya ndoa. Anayedhani wingi wa jina ni wingi wa uzao wa mtu mmoja, amekosea kabisa.

Na tahajia je? Kabla ya 1876 tahajia ilikuwa mali ya padri au mchungaji aliyeshika kalamu siku hiyo. Mtoto aliweza kubatizwa Meier, akaoa akiwa Mayer na kuzikwa akiwa Maier katika kitabu kilekile cha parokia, bila yeye mwenyewe, ambaye pengine hakujua kusoma, kuhisi kwamba amebadili chochote. Tofauti ambayo orodha za leo zinaichukulia kama ukuta iliwahi kuwa mazoea ya mwandiko.

Sasa tuziangalie namba. Takwimu ambazo wataalamu wa majina huzitumia zaidi zinatokana na simu za mezani za Ujerumani mwaka 2005, kabla simu za mkononi hazijazifuta majumbani. Humo Müller ana laini karibu 256,000, Schmidt karibu 190,000 na Schneider karibu 115,000. Meyer wa e na y peke yake ana zaidi ya 80,000. Kwanza, tuone jinsi hata mshindi alivyo mdogo: Müller, kwa wingi wake wote, hafiki laini moja katika kila mia. Katika nchi yenye majina ya ukoo ya mamia ya maelfu, pengo kati ya nafasi ya 3 na ya 6 ni jembamba, na uamuzi wowote wa namna ya kuhesabu unatosha kulivuruga. Pili, waongeze Meier, Maier na Mayer kwa huyo Meyer, hata bila kuwagusa Mayr na Mair, na jumla yao inampita Fischer, kisha inampita Schneider. Mshona nguo anatoka kwenye tatu bora na mahali pake panakaliwa na msimamizi wa shamba. Hapo picha ya Ujerumani ya zamani iliyofichwa ndani ya majina inabadilika: karibu na jiwe la kusagia na nyundo anasimama mtu mwenye hesabu ya nafaka ya bwana wake. Uswisi wanaliona hilo bila kukusanya chochote, kwa sababu huko Meier wa e na i ndiye wa pili baada ya Müller.

Pingamizi lililo zito kuliko yote si la herufi, ni la asili. Wayahudi wa nchi za Kijerumani walikuwa na jina la Kiebrania Meir, lenye maana ya atoaye nuru, karne nyingi kabla ya kulazimishwa kuwa na majina ya ukoo. Mmoja wa marabi wakubwa wa karne ya 13 ni Meir wa Rothenburg. Austria ilipowaamuru Wayahudi kuchukua majina ya kudumu mwaka 1787, na Prussia ilipotoa sheria yake mwaka 1812, familia nyingi ziliona kwamba jina la babu lilikuwa tayari linasikika kama jina la jirani Mkristo, wakaandikwa Meyer au Mayer. Mtunzi wa opera Giacomo Meyerbeer, aliyezaliwa mwaka 1791 akiitwa Jakob Liebmann Beer, aliunganisha Meyer ya babu yake mzaa mama na jina la baba yake. Hao hawana uhusiano wowote na shamba la kabaila. Je, kuwaweka pamoja si kuchanganya nuru na kodi ya nafaka?

Ni kuchanganya, ndiyo. Lakini tazama nani mwingine anachanganya: orodha ya tahajia inamhesabu Meyer wa Kiyahudi na Meyer wa Niedersachsen kwenye mstari mmoja bila kusita, kwa kuwa herufi zao ni zilezile, huku ikimtenga Meyer wa Niedersachsen na Meier wa kijiji cha pili ambao asili yao ni moja. Kwa hiyo hoja ya asili haiwezi kutumiwa kuitetea tahajia. Ikiwa kila namna ya kuhesabu inachanganya kitu, linabaki swali la namna ipi inafuata jinsi wenye lugha wenyewe wanavyolitumia jina.

Na wenye lugha wameshaamua. Wakitaka kusema "yeyote yule", Wajerumani husema Müller, Meier, Schulze, na hakuna anayeuliza herufi. Meier amegeuka hata kuwa kiambishi cha kutania tabia: Schlaumeier ni mjuaji anayejiona mwerevu kuliko wote, Kraftmeier ni mtu wa kutunisha misuli, Vereinsmeier ni yule asiyekosa mkutano wa chama chochote. Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, anahusishwa na majigambo kwamba ndege za adui zikiingia Ujerumani basi aitwe Meier. Mabomu yalipoanza kuanguka, watu walimwita hivyo kwa kebehi. Hata utaratibu wa kiserikali wa kubadili majina unalitambua jambo hili, kwa kuwa una neno maalumu, Sammelname, la majina yaliyozagaa mno hata hayamtofautishi tena mwenye nalo, na Meyer ni mfano wa kawaida.

Atakayeniuliza mkusanyiko huu uishie wapi, nitamjibu kwamba uishie kwenye sikio. Niedermeier na Obermeier, yaani Meier wa chini na wa juu, wabaki nje, kwa sababu viambishi hivyo viliwekwa makusudi ili watu wasichanganywe. Möller, umbo la kaskazini la Müller, naye abaki nje ya hesabu ya Müller, na Schmitz asimsaidie Schmidt, kwa kuwa vinasikika tofauti. Schmitt aingie kwa Schmidt bila mjadala, maana hakuna Mjerumani anayewatofautisha kwa kusikia, na hapo kiti cha Müller kinaanza kutikisika. Kwa Meier kanuni hiyo ni nyepesi kuliko kwa jina jingine lolote kubwa: maumbo yake manne, na Mayr wa milimani, yanatoka mdomoni kwa sauti moja, ndiyo maana karani wa daktari bado anangoja kuambiwa ni Emil wa e au ni Anton wa a.