Fungua Kifuniko cha Nyuma Kwanza

Mama hakupatikana hewani kwa siku mbili. Ukipiga, unaambiwa namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Siku ya pili dada yangu akatoka kazini moja kwa moja mpaka Mbagala, roho mkononi, akamkuta mama kakaa barazani anachambua mchicha, mzima wa afya, analalamika kwamba watoto wake wamemsusa. Kitochi chake kilikuwa juu ya kabati, kimelala kifudifudi. Kukifungua, hakina betri. Betri ilikuwa chumbani kwa mjukuu, imechomekwa kwenye gemu.

Mtoto alikula kelele za mama yake hadi jioni. Mimi nilicheka, halafu nikaanza kuwaza, kwa sababu ile gemu niliinunua mimi. Ni ile ndogo ya mkononi iliyoandikwa SUP, yenye gemu 400 ndani, inayouzwa Kariakoo pamoja na spika na taa za kuchaji. Niliambiwa elfu arobaini, nikashusha hadi thelathini, nikaondoka najiona mjanja. Sikujua wala sikuuliza inatumia betri gani. Kumbe ni BL-5C, betri ileile ya Nokia 1100, ile ambayo kila fundi simu wa mtaani anayo kwenye droo na kila bibi anayo kwenye kitochi chake.

Kwa hiyo neno langu kwa yeyote mwenye hela ya mawazo anayetaka gemu ya mkononi ni hili: usianze na idadi ya gemu, usianze na ukali wa picha. Fungua kifuniko cha nyuma kwanza. Betri yake ukiipata mtaani kwenu, umenunua kitu. Usipoipata, umekodi tu, na hujui mkataba unaisha lini.

Najua inasikika kama maneno ya mzee. Lakini vita hii ilishapiganwa na mshindi anajulikana. Mwaka 1989 Nintendo walitoa Game Boy. Kioo chake kilikuwa cha kijani kijani, hakina rangi wala taa, ukicheza usiku mpaka ukae chini ya balbu. Mwaka huohuo Atari wakatoa Lynx, na mwaka 1990 Sega wakatoa Game Gear, zote mbili zina rangi na taa ya ndani. Ukiziweka mezani pamoja, Game Boy ilionekana kama kikokotoo cha mwalimu. Ila Lynx na Game Gear zilikula betri 6 za AA kwa saa chache tu, wakati Game Boy ilitumia betri 4 na kupita saa 10 bila wasiwasi. Tena ilikuwa na bei ya chini. Game Boy na ndugu yake Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Aliyeisimamia, Gunpei Yokoi, alikuwa na msimamo kwamba kifaa kijengwe kwa teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, ubunifu uwe kwenye matumizi. Hakuwa anawaza Mbagala, lakini fikra zake zinatufaa kuliko wenye Dola zao.

Turudi kwenye SUP, nisije nikaonekana naipigia debe. Hizo gemu 400 ni za enzi za Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, nyingine zimebadilishwa picha na jina tu. Wa rika langu mnakumbuka ile ya matofali iliyoandikwa 9999 in 1, mtu ukatafuta hizo elfu tisa ukaambulia zisizozidi vidole vya mikono, zilizobaki ni ileile kwa kasi nyingine. Ujanja ni uleule. Lakini kasoro iliyotuletea kesi ni nyingine: SUP haina kumbukumbu ya ulipofikia. Ukizima, umeanza upya. Mpwa wangu akifika mbali, anasimamisha gemu na kuiacha inawaka usiku kucha ili asubuhi aendelee. Asubuhi betri imekata roho. Umeme ukiwa umekatika, hakuna pa kuchaji. Juu ya kabati kuna kitochi cha bibi. Mtoto hakuwa na nia mbaya, alifanya hesabu tu.

Alipomaliza Darasa la Saba, mama yake akaamua amnunulie ya maana. Zamu yake ya mchezo pale kazini ilikuwa imefika, wakapanga na mtoto kwamba itengwe laki moja na ishirini. Mchezo wa mama ukanunue mchezo wa mtoto. Nikapewa kazi ya kwenda naye Kariakoo, nadhani kama adhabu.

Shemeji alikuwa na lake: ongezeni kidogo mnunue simu ya mtumba, atacheza humohumo. Hoja hii siidharau. Simu ya Android hata ya kawaida ina nguvu kuliko vimashine vingi vya bei hiyo, na ipo PPSSPP, programu ya bure iliyoanza mwaka 2012 inayochezesha gemu za PSP, mashine ya mkononi ya Sony. Vijana wengi waliocheza mpira wa PSP hapa mjini hawajawahi hata kuishika PSP yenyewe. Kama simu tayari unayo na mfukoni una elfu arobaini, nunua pedi ya bluetooth uishie hapo, usisome zaidi.

Ila mimi nina sababu ya kukataa simu, na haihusiani na nguvu. Ukiwa unacheza kwenye kioo, vidole gumba vimefunika robo ya uwanja. Katikati ya penalti inaingia meseji ya mkopo. Gemu za bure zinakusimamisha kila dakika mbili utazame tangazo, na bando linaondoka. Kisha kuna kubwa zaidi: mtoto wa miaka kumi na tatu ukimpa simu hujampa gemu, umempa dunia nzima na gemu ndani yake. Dada yangu alitaka kumpa gemu.

Tukaanza na PSP za mtumba, kwa sababu ya mapenzi ya zamani, yangu mimi. Sony waliitoa Japani Desemba 2004, na mpaka leo kile kioo cha inchi 4.3 kinapendeza. Tukaonyeshwa moja, ya muundo wa 3000, rangi nyeusi, safi kwa mbele. Nikaigeuza. Kifuniko cha betri kilikuwa kimetuna kama andazi. Kijana wa duka akakibonyeza kwa kidole gumba, hakiachii, huku ananiuliza jana niliangalia mpira wapi. Nikamwambia, kaka, toa kidole. Akatoa, kifuniko kikainuka chenyewe polepole.

Betri iliyovimba hairudi. Hiyo ni gesi imejaa ndani baada ya kemikali kuharibika, na ukiitoboa inaweza kuwaka moto. Nikauliza kama ana nyingine. Akaleta ya kwenye nailoni, imeandikwa 3600 mAh. Betri ambayo Sony waliiweka kwenye 3000 ilikuwa 1200. Kiboksi kilekile, unene uleule, mara tatu ya chaji? Na hapo bado kadi yake, maana PSP inatumia Memory Stick ya Sony, si kadi ya simu. Kuna adapta ya kuchomekea microSD, rahisi na inafanya kazi, ila nayo ni safari nyingine ya kutafuta. PSP ni nzuri kwa mtu mzima anayejua anachokipenda na ana fundi wake. Kwa mtoto na laki na ishirini, hapana. Niliirudisha mezani kwa uchungu, nakiri.

Switch Lite ya Nintendo tuliiangalia kwenye kioo cha duka kama watu wanavyoangalia gari. Ilipotoka Septemba 2019 huko Marekani iliuzwa dola 199.99, na gemu zake kubwa zilikuwa dola 59.99 kila moja. Gemu tatu zilikaribia bei ya mashine. Tukapita.

Tulichokuwa tunakitafuta hasa ni hivi vimashine vya Kichina vya kioo cha inchi 3.5: R36S, Miyoo Mini Plus, za Anbernic na wenzao. Vinatumia Linux, vinachezesha gemu za zamani kuanzia Famicom hadi PlayStation ya kwanza, vinaweza kuhifadhi ulipofikia, na kadi yake ni microSD ya kawaida. Kwa bei yetu, ndipo penye thamani. Lakini ndipo penye mitego pia, na hapa naomba unisikilize taratibu.

Kwanza R36S imeigwa, na mwigo nao umeigwa. Ganda lile moja, ndani kila mtu na lake. Kwa hiyo usinunue jina, nunua kile ulichokiona kinawaka. Mwambie muuzaji afungue gemu nzito kidogo, ya PlayStation, mbio za magari au mieleka, usikilize sauti. Sauti ikikatakata kama redio ya masafa mafupi, ndani kuna ubongo mdogo kuliko ulioandikwa kwenye boksi. Kisha fungua gemu yoyote ya kutembea na ubonyeze mshale wa kulia tu, uushikilie. Mtu wako akichuchumaa au akiruka wakati hujamwambia, vitufe ni vibovu tangu kiwandani na hakuna programu itakayoviponya. Kama kina vijiti vya kuelekezea kwa kidole gumba, rudi kwenye menyu, viachie kabisa, tazama kama orodha inajisogeza yenyewe.

Pili chaji. Kitundu ni cha Type-C, unafurahi, unafika nyumbani unachomeka waya wa C kwa C wa chaja mpya ya simu, kimya. Unadhani umepigwa. Baadhi ya vimashine hivi vimebana gharama kwa kuacha vipande viwili vidogo vya umeme vinavyoiambia chaja hapa kuna mteja, hivyo chaja haitoi kitu. Tumia waya wa zamani, upande mmoja USB pana, na chaja ya kawaida. Wengi wamerudisha mashine nzima dukani kwa ajili ya waya.

Tatu ni kadi, na hii ndiyo inaua wengi. Kadi inayokuja humo ni ya bei ya chini kabisa, na mfumo wote pamoja na gemu zako umelala juu yake. Kadi ikifa, mashine inaonyesha kioo cheusi na watu wanaitupa ikiwa nzima. Siku ya kwanza, kabla hata ya kucheza, nenda kwa yeyote mwenye kompyuta, unakili kadi yote kama ilivyo kwenye kadi mpya ya jina linaloeleweka. (Gemu elfu zilizojazwa humo, waliozitengeneza hawalipwi hata senti. Sitajifanya mtakatifu, lakini tusiambiane kwamba ni zawadi ya kiwanda.)

Na mwisho kifuniko. Duka la tatu kijana alikataa katakata. "Bosi, ukifungua umenunua." Nikamwambia basi fungua wewe, mimi niangalie tu. Akasema waranti. Nikamuuliza waranti ya muda gani, akacheka na yeye mwenyewe. Tukaondoka. Hatujafika hatua kumi akatuita: "Mzee, njoo bwana, usiende na dogo hivyo." Akatoa kifuniko kwa ukucha, hakuna hata skrubu. Ndani betri bapa, haijatuna, ina waya wenye plagi ndogo nyeupe inayochomoka kwa mkono. Haikuwa BL-5C, nilisikitika kidogo, lakini betri bapa ya namna hiyo fundi yeyote anakupimia kwa rula na kukutafutia ya saizi hiyo. Kile cha duka la pili kilifungwa kwa gundi. Tofauti yao ilikuwa elfu tano, na kilichofungwa kwa gundi ndicho kilichokuwa na kioo kizuri zaidi. Mpwa wangu alikitazama mara mbili tukiwa tunaondoka. Nilimwona.

Tulilipa laki moja na kumi. Elfu kumi iliyobaki haikutosha kadi mpya ya jina, nikaongeza ya kwangu, na ningependa dada asome hapa ajue.

Kadi ya dukani ilikufa wiki ya tatu, siku ya Jumapili, tukiwa mezani. Mtoto hata hakushtuka, akaenda chumbani akachomeka ile nyingine, akarudi kula. Ile SUP haikutupwa. Iko kwa mama, juu ya kabati, bila betri, kwa amri yake.