Namba Isiyo na Majina: Kusaka Hitilafu za Hesabu ya Marejeo katika Kiini cha Linux

Seva ndogo tunayoitunza hapa Mwanga, Kigoma, iligoma kuzimika usiku mmoja. Kila baada ya sekunde 10 kiini cha Linux, yaani programu kuu inayosimamia mashine, kiliandika ujumbe uleule kwenye skrini: kinasubiri kifaa cha mtandao kiachwe huru, kikitaja na hesabu ya marejeo, yaani idadi ya wanaokishikilia. Kuna msimbo uliokishika bila kukiachia, lakini namba ile haikusema ni upi.

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wangeielewa shida hii upesi. Mwenye taa akiandika tu kwamba taa moja haijarudi, hajui aende kumdai nani. Tangu toleo la 5.17 la mwaka 2022, Linux inaweza kuandika na majina: msimbo unaposhika kifaa, njia iliyoufikisha hapo huhifadhiwa, na unapoachia huondolewa na kuwekwa kando kwa muda, hivyo anayebaki daftarini ndiye mdaiwa.

Wanaopinga kuwasha daftari hilo kwenye seva za kazi wana hoja nzito. Hesabu ya kifaa iligawanywa makusudi, kila kiini cha kichakataji na fungu lake, ili visigombanie namba moja. Daftari linarudisha ugomvi huo, kwa kuwa kila kushika na kuachia kunadai kufuli, yaani zamu ya kuandika mmoja mmoja, na kumbukumbu ya ziada. Wanasema pia kwamba msomaji makini huiona hitilafu kwa macho, kwani mara nyingi imejificha pale kazi inaposhindikana katikati, msimbo ukarudi mapema na mstari wa kuachia ukarukwa. Ni kweli, ila macho husaidia ukijua pa kutazama, na kifaa kimoja hushikwa na jedwali la njia, anwani, tuneli (njia ya mtandao inayopita ndani ya mtandao mwingine) na mengine mengi.

Kinachonitisha zaidi ni kosa la kinyume, la kuachia mara mbili. Hesabu hufika sifuri mapema, kumbukumbu ikapewa mwingine ilhali mtumiaji wa kwanza bado anaiandikia, na seva huanguka mahali pasipohusiana kabisa na kosa lenyewe. Hapo daftari ni la lazima, maana huonyesha aliyeachia kwanza na aliyeachia tena.

Ndiyo maana naliunga mkono, lakini kwenye mashine moja ya majaribio yenye mzigo sawa na wa kazi. Sisi tulifanya hivyo, na siku ya tatu likatutajia tuneli iliyoshindwa kuundwa na kuondoka bila kukiachia kifaa.