Nani Kasema Amu Hawasomi?

Kila yakitajwa matokeo ya mitihani au maktaba, utasikia lile lile: watu wa Amu, yaani Lamu, wameacha kusoma. Wanaolisema zaidi ni walimu, hasa waliostaafu, na ushahidi wanao. Ingia duka la vitabu hapa mjini utazame rafu: madaftari, vitabu vya shule, juzuu za madrasa, misahafu, na riwaya teule ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ambayo mwanafunzi ataiuza siku anapotoka kwenye karatasi ya tatu. Riwaya ya mtu mzima kujisomea kwa raha yake ni adimu. Ikiwa kusoma ni kununua kitabu, walimu wameshinda na hatuna la kubishana.

Ila panda boti ya Mokowe, gati ya upande wa bara, jioni uone watu walivyoinamia simu. Wako wanaotazama video, sikatai. Lakini wengine, wanawake hasa, wanasoma, tena kwa bidii ambayo mwalimu angeiota. Wanafuata hadithi zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp vipande vipande: sehemu ya 14, sehemu ya 15, na chini yake "itaendelea". Nyingi zatoka Tanzania, nyingine Mombasa, na baadhi zimeshapoteza jina la mwandishi njiani. Ndani mna mke mwenza, ugomvi wa mirathi, jini aliyempanda mtu kichwani, mume aliyekwenda Oman kutafuta riziki akarudi na siri. Hadithi ya sehemu 60 ukiipiga chapa ni kitabu kinene, na aliyeimaliza atakwambia hajasoma kitabu tangu atoke shule.

Raha yake iko wapi? Kwanza, pale inapokatwa. Mlango umegongwa usiku, bibi amejitupia leso, ameshika komeo, na sehemu imekwisha. Kutwa itakuwa mjadala: ni mumewe, au ni yule shemeji aliyedai yuko Mombasa? Wa jikoni wanasema shemeji. Mama mkwe, ambaye macho hayamruhusu kusoma herufi ndogo za simu na kwa hivyo husomewa, anasema nyote hamkusikiliza: katika sehemu ya tatu mume alisema ana ufunguo wake, na mwenye ufunguo hagongi. Huo ni uhakiki; kwenye mtihani wa fasihi angepewa alama. Pili, mwandishi yuko karibu. Wasomaji humwandikia wakimsihi asimuue fulani, na mara nyingine fulani hupona ugonjwa uliokuwa hauna dawa. Inachekesha, na pengine kisa kinaharibika, lakini riwaya ya dukani haijampa msomaji wa mtaa wetu wa Langoni nguvu hiyo hata siku moja.

Halafu kuna bei, jambo ambalo walimu hulipita haraka mno. Tangu Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013, kitabu nchini Kenya hutozwa asilimia 16. Tuseme riwaya ni shilingi 600 kabla ya ushuru. Serikali inatia 96, inakuwa 696. Bado haijapakiwa kwenye basi Mombasa, bado haijavushwa maji kutoka Mokowe, na mwenye duka hajatia faida yake. Hiyo 96 peke yake yanunua bando la shilingi 20 mara nne na chenji ikabaki, na kwa bando moja mtu hupakua sehemu za wiki nzima, maana maandishi hayali data. Nashikilia hiyo 96 kwa sababu mama mwenye watoto wanaodaiwa vitabu vya shule, ambavyo navyo vimepigwa 16 ile ile, hawezi kutoa karibu mia saba kwa ajili ya raha yake. Atajiona amewaibia watoto. Akisoma kwenye simu hamwibii mtu, isipokuwa labda mwandishi, na hapo nitafika.

Wanaoona haya ni mambo mapya wamesahau walikotoka. Mwana Kupona, yule malenga wa Pate, alipotunga utendi wake 1858, akimwambia bintiye atwae wino na karatasi, hapakuwa na mpiga chapa wa kungojwa. Utendi ulinakiliwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, ukaazimwa, wanawake wakaukariri majumbani, na zaidi ya miaka 70 ikapita kabla ya toleo la kitabu la Werner na Hichens la 1934. Hakuna anayesema kwamba Pate na Amu ya wakati ule hawakusoma. Anayeipokea sehemu ya 15 na kuitupa kwenye kundi la familia anafanya kazi ya wale wanakili, ingawa khati yake haipo. Kuulinganisha utendi ule na hadithi ya jini sithubutu. Nazungumzia njia iliyopitwa.

Lugha nayo ni chafu, walimu wanasema, na ni kweli: "xaxa" badala ya sasa, nukta hazionekani, L na R zimehamiana nyumba. Hunikera, ila haiui. Wanalaumu pia mapenzi na uchawi, lakini vimo kwenye riwaya zilizochapwa tangu zamani, basi lawama hiyo naiacha.

Hoja yao nzito ni nyingine, na jibu lake zuri sijalisikia. Miswada ya tenzi za huku imehifadhiwa katika chuo cha SOAS kule London na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu aweza kuifungua leo. Sehemu 60 zilizokuwa kwenye simu iliyotumbukia baharini zimekwenda. Na mwandishi je? Wengi hutoa sehemu za mwanzo bure, kisha ukitaka mwisho unatuma pesa kwa M-Pesa. Mmoja analipa, ananakili, na kufikia magharibi kundi zima limeujua mwisho. Mwalimu akiuita wizi siwezi kumpinga. Kitabu, pamoja na bei yake, humpa mwandishi mrabaha hata kama ni haba, na nakala hukaa.

Kwa hivyo ningependa maktaba iwaendee waandishi hao, inunue hadithi iliyokamilika, imlipe mhariri aisafishe, kisha ipige nakala chache za kuazimisha. Msomaji aliyeifuata kwa miezi ataitaka tena hata akijua inavyoisha, kama watu wanavyokwenda Msikiti wa Riyadha kusikiliza Maulidi ya Habshi ilhali wameihifadhi. Nilimweleza hili rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu. Akauliza ni nani atakayekubali hadithi ya jini ikae kwenye rafu ya serikali. Nikamwuliza kama ameisoma. Akasema amefika sehemu ya 22.